Ngozi ya Samaki wa Bluu

Kwanza niweke wazi jambo moja ili tusipotezeane muda: mume wangu Onesphory si mwizi. Hata utotoni, wenzake walipokuwa wanaingia mashamba ya watu kuvunja mahindi ya kuchoma, yeye alibaki njiani akiwasubiri, na marehemu mama mkwe wangu alikuwa akimcheka kwa hilo. Kwa hiyo ukija kwangu kuniulizia ile habari ya samaki, chai nitakupa kwa sababu nimelelewa, lakini ujue nimekasirika na bado sijamaliza kukasirika.

Mimi naitwa Marieta. Nimezaliwa Gendabi, Hanang, nikaolewa huku Masieda, Mbulu, na wengi wananiita Mama Natalia kwa jina la binti yetu wa kwanza. Tuna shamba la mahindi na vitunguu saumu, na Baba Natalia ana kibarua Haydom, analinda geti na kumwagilia maua kwenye gesti ya Bwana Rogers. Jumamosi jioni anarudi nyumbani, Jumatatu alfajiri anaondoka. Ni mtu mpole, mzito wa maneno. Ukimwuliza kitu leo anaweza kukujibu kesho, na jibu lenyewe likawa "ndiyo".

Lakini huku Masieda hawamjui kwa geti. Wanamjua kwa ng'ombe. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hakai nao wote zizini kwake, anamwekesha mwenzake mmoja au wawili. Wewe uliyewekeshwa unachunga na kukamua. Maziwa ni ya watoto wako, mbolea ni ya shamba lako, ndama ni wa mwenyewe, na mkikaa vizuri miaka mingi atakuachia mmoja. Hamwandikiani chochote. Ng'ombe akifa, humpigii mwenyewe simu kisha ukakaa. Unachuna ngozi, unaitia chumvi, unaianika, unampelekea pamoja na masikio yenye alama yake. Mwenyewe anaishika ngozi, anaigeuza, anasema "pole" mbele ya watu, na hapo yamekwisha. Asiposema, bado una doa, na hakuna atakayekuwekesha tena hata mbuzi.

Mzee Herman, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, alimwekesha Onesphory ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe tumboni. Wanangu wote wanne wamekulia maziwa ya ng'ombe huyo, na kabla yake ya mama yake. Sisi wenyewe tuna maksai wawili wa kulimia, na maksai hawakamuliwi. Kwa hiyo jina la Onesphory likichafuka, kwangu mimi kikombe cha mtoto kinakuwa kitupu. Ndivyo lilivyo, wala sitii chumvi.

Sasa huyo Bwana Rogers. Si mtu wa huku, alikuja na biashara ya magodoro, akaona watu wanavyoshuka kwenye mabasi kuleta wagonjwa, akajenga gesti karibu na barabara ya hospitali. Si haba, imempa. Miaka miwili iliyopita alirudi kutoka Dar es Salaam na wazo kichwani. Alilala hoteli fulani, akaona tangi la kioo lenye samaki wa baharini, na yeye akalitaka la kwake. Haydom, huku juu, ambako bahari tunaisoma shuleni tu. Likaletwa tangi, ikaletwa mashine ya kupuliza hewa, ikaletwa na chumvi ya peke yake ya kuchanganya kwenye maji, na mama mmoja mfanyabiashara wa pwani anayeitwa Kissa akaleta samaki kwenye mifuko ya plastiki. Wawili walikuwa wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mmoja alikuwa wa bluu, bluu iliyoiva, mkia wa njano.

Nani ataangalia hayo madude? Mhudumu wa mapokezi, Violeth, alisema yeye anaogopa kuua. Bwana Rogers akamwita Onesphory kutoka getini akamwambia, "Hawa nakukabidhi wewe. Wachunge kama ng'ombe."

Yeye alikuwa anasema tu. Watu wa namna ile wanasema tu, maneno yanawatoka yakapeperuka. Lakini kwa mume wangu hayo yalikuwa maneno ya kuwekeshwa. Aliyapokea kwa mikono miwili. Nilimtembelea siku moja nikamkuta ameinama mbele ya kioo, anawasemesha samaki kwa Kiiraqw, taratibu, vile anavyomsemesha ng'ombe anapotaka kumkamua. Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Akaniambia, "Yule wa bluu leo hajala vizuri." Kwa uso mkavu kabisa.

Basi samaki wakakaa, wakazoea. Wageni wakapiga picha. Na kumbe huko duniani bei yao inapanda. Mwanzoni Onesphory aliniambia yule wa bluu alinunuliwa kwa bei ya jogoo wawili. Nikaona ni ufujaji, lakini jogoo ni jogoo. Mwaka uliofuata akaniambia sasa ni beberu. Baadaye akarudi Jumamosi moja, akanawa mikono, akakaa, akasema, "Mama Natalia, yule samaki sasa ni mtamba." Mtamba, ng'ombe jike mzima aliyekaribia kuzaa, kwa kitu kinachoenea kwenye kiganja. Nilimwambia anitoke na masihara yake.

Hakuwa anafanya masihara. Kissa alikuwa amemweleza Bwana Rogers kwenye simu kwamba wazamiaji wa kuwakamata wamepungua, na wale samaki wachache wanaopatikana wameshawekewa oda na watu wa nje kabla hawajatoka majini. Wenye mahoteli wanabaki kugombania masalia. Bwana Rogers akawa anawaringia wageni na samaki wake kama mtu aliyeota pembe za dhahabu.

Katika siku hizo alikuja mgeni mmoja kutoka Arusha, meneja wa hoteli, amemleta mama yake kutibiwa. Akamwona yule wa bluu. Jioni akamfuata Onesphory getini akamwambia, wewe nifungie huyo kwenye ndoo yenye maji yake, nikupe bei ya mtamba, bosi wako mwambie amekufa. Mume wangu akamjibu, "Si wangu." Basi, hayo tu. Na Jumatatu Bwana Rogers alipofika, Onesphory mwenyewe akamweleza yote, kama vile ungemweleza mwenye ng'ombe kwamba kuna fisi anazunguka. Hilo naomba ulishike. Alisema mwenyewe, hakuna aliyemuuliza.

Wiki chache baadaye umeme ukakatika Haydom asubuhi, na mvua zilikuwa zimeangusha nguzo, kwa hiyo ilikuwa wazi hautarudi siku hiyo. Gesti ilikuwa na jenereta. Nasema ilikuwa nalo, kwa sababu mwezi uliotangulia Bwana Rogers alilihamishia kwenye baa yake mpya. Onesphory akampigia simu, yeye yuko Dodoma. Akamwomba ruhusa walirudishe jenereta kwa siku moja tu, samaki wanakosa hewa. Unajua alijibiwa nini? "Bia zikipata joto wateja watakimbia. Subiri, umeme utarudi."

Kissa alishamfundisha mume wangu kwamba mashine ikizima, achote maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, yanapata hewa kidogo. Akaanza. Alichota na kumwaga tangu asubuhi, amesimama, na Violeth akimpokea jagi aweze kunywa chai. Huyo Violeth nina neno naye, nitalifikia. Mchana yule wa bluu akaanza kuhema juu juu kwenye maji. Kabla jua halijazama akalala ubavu. Wale wa rangi ya chungwa wakapona, sijui kwa nini, labda wana roho ngumu.

Hapo ndipo mume wangu alipofanya lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya, na ambalo hakuna mtu mwingine duniani angelifanya. Hakuwa na simu ya kupiga picha, ana kiswaswadu tu, na simu ya Violeth ilikuwa imezima kwa kukosa chaji. Mwenye mali yuko Dodoma, ameambiwa, amesema "nitakuja tuongee." Basi mwenye mali lazima aoneshwe. Akampasua yule samaki kwa uangalifu, akamtoa matumbo, akamtia chumvi ile nyeupe ambayo kaka yangu hutuletea kutoka ziwani kule Gendabi, ile tunayotia kwenye ngozi. Akamtundika kivulini nyuma ya jiko la gesti, akamgeuza kila siku. Alipokauka akamfunga kwenye gazeti akamweka.

Sikuwepo siku ile, lakini nimesimuliwa na watu watatu na hawapishani. Bwana Rogers alifika asubuhi, wageni wako mezani wanakunywa chai. Onesphory alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Akaingia na kile kifurushi mikononi, akakifungua mbele ya bosi wake, akasema, "Bosi, huyu hapa samaki wako wa bluu. Nimekuletea umwone." Akasimama, anasubiri neno moja tu, pole.

Sasa samaki yule alikuwa bluu akiwa hai. Akikauka anakuwa rangi ya majivu, kama kitu chochote kilichokaushwa. Bwana Rogers alimwinua kwa vidole viwili, akamtazama, akacheka. "Mimi niliacha samaki wa bluu. Hiki ni kitoweo. Cha namna hii sokoni kimejaa."

"Ni yeye, Bosi. Amekauka."

"Yule meneja wa Arusha alikupa ngapi?"

"Nilikuambia mwenyewe habari zake, Bosi. Nilikataa."

"Ndiyo, ulikuwa unanipima ujue nitasema nini. Kumbe mnajifanya wapole." Akawageukia wageni. "Mnaona mambo ya walinzi? Samaki wa bei ile anauziwa mtu getini, mimi naletewa dagaa."

Onesphory akamtazama Violeth. Violeth aliyeshika jagi kwa mikono yake. Violeth aliyemwona samaki akihema, akasema maskini, akafuta machozi kabisa. Bwana Rogers akamuuliza, "Wewe uliona akifa?" Naye akaanza kupanga vijiko. Akasema siku ile kulikuwa na wageni wengi, hakuangalia sana. Ana mtoto wa kulea, najua, na kazi Haydom haziokotwi. Najua yote hayo. Lakini mimi nikikutana naye njiani nampa salamu ya nusu mdomo, na anajua kwa nini.

Mume wangu akaambiwa akae nyumbani kwanza. Akamfunga samaki wake kwenye gazeti, akapanda bodaboda, akaja. Hakunieleza siku hiyo. Nilielezwa kisimani, kwa sababu nusu ya Masieda ina mgonjwa pale Haydom, na mmoja wa wale waliokuwa wanakunywa chai gestini ni shemeji wa jirani yetu. Na habari ilivyofika ilikuwa imeshanyooka vizuri: Onesphory ameuza mnyama aliyewekeshwa. Hawakusema samaki. Walisema mnyama. Pale pale nikaacha ndoo yangu nusu.

Nilimkuta amekaa nje ya zizi. Nikamwambia twende tukamshike huyo mtu koo. Akasema, "Atakuja kusema. Ngozi ameiona." Siku zikapita, Bwana Rogers hakuja. Nikaona mume wangu atakaa pale hadi aote majani. Siku ya mnada nikachukua kile kifurushi nikaenda Haydom mwenyewe.

Bahati, siku hiyo Kissa alikuwepo. Alikuwa amekuja kusafisha lile tangi, amekunja mikono ya gauni, mama mtu mzima, asiyeficha maneno. Bwana Rogers aliponiona akataka kunitoa. Nikasema sitoki, nimeleta mali yako, nikafungua gazeti juu ya meza ya mapokezi. Kissa akafuta mikono akasogea.

"Huyu ni wa bluu," alisema, hata kabla sijaeleza.

"Acha utani," akasema Bwana Rogers.

"Leta kidole." Akamshika mkono kama mtoto, akampitisha kidole pale karibu na mkia. Bwana Rogers akaruka. Kuna kitu kama kijembe pale, kimejificha ubavuni mwa mkia, na damu ilimtoka. "Ndiyo maana kwetu hawamshiki bila kitambaa," Kissa akasema. "Dagaa gani ana wembe? Huyu ndiye niliyekuletea. Na amekufa kwa kukosa hewa, kwa sababu niliwaambia jenereta lisiondoke hapa."

Wageni walikuwepo, Violeth alikuwepo. Nikasubiri. Nilidhani nimefika mwisho wa safari.

Bwana Rogers alinyonya kidole chake. "Kumbe," akasema. "Haya, mwambie Jumatatu arudi kazini."

"Na lile neno?" nikamuuliza.

"Neno gani?"

"Ulimwita mwizi mbele ya watu. Sema pole, kisha uje Masieda useme mbele ya Mzee Herman na wenzake. Wanakusubiri wewe mwenye mali. Sisi tukisema haisikiki."

Nikamweleza habari ya ng'ombe, yote, pole pole, kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza nusu, nusu anaangalia simu. Kisha akasema, "Mama Natalia, mimi nina biashara tatu. Nifunge safari hadi Masieda nikawaelezee wazee habari ya samaki mkavu?" Na wageni wakacheka. Mtu mzima na akili zake anacheka pale ambapo watoto wangu wanapoteza maziwa. Kissa hakucheka. Alimwambia, "Ungekwenda, Rogers. Kutwa moja tu." Yeye akageuza maneno, akaanza kumbembeleza amtafutie mwingine wa bluu. Kissa akamjibu hakuna, kwa bei yoyote hakuna, asubiri hadi mwakani na hata hapo haahidi. Nikakifunga kifurushi changu, nikatoka. Nasikia siku hizi ameweka wa plastiki, amemfunga kwa uzi wa kuvulia, na wageni wanapiga picha vile vile.

Jumatatu Onesphory alirudi kazini, ada za watoto hazijui hasira. Lakini alipofika alimwambia Bwana Rogers, "Geti nitalinda. Samaki wako, hapana." Bwana Rogers akadhani anadai nyongeza. Akamwambia nitakufikiria.

Mzee Herman alikuja Jumapili, baada ya misa. Nilimwona anashuka korongoni amevaa kofia, mkononi ana kamba mpya. Nilijua. Nikatoka nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Hamjambo hapa?"

Akakaribishwa, akapewa kiti, akapewa maziwa mgando ya ng'ombe wake mwenyewe, akanywa akayasifu. Akauliza mvua, akauliza vitunguu. Mzee Herman ni mtu wa heshima, na heshima yake siku ile ilinichoma kuliko tusi. Mwishoni akasema, "Onesphory, nimeona huyu mwekundu nimpeleke kwa binti yangu. Amejifungua, anahitaji maziwa."

Nikashindwa kunyamaza. "Mzee, ni habari ya samaki?"

"Samaki yupi?" akasema, macho chini.

Nikamletea kile kifurushi, nikamwonesha ule wembe, nikamsimulia mama wa pwani alivyosema na kidole kilivyotoka damu. Alimpokea yule samaki kwa mikono miwili. Alimgeuza huku na huku, taratibu, kama inavyotakiwa, jambo ambalo mwenye mali hakulifanya. Akanirudishia.

"Huyo mama simjui," alisema. "Mwenyewe amesemaje?"

Onesphory ndiye aliyejibu. "Hajasema."

"Basi," akasema Mzee Herman, na nilimwona anaumia, sitamnyima hilo. "Mimi nina wanangu, Onesphory. Wananiuliza."

Mume wangu akainuka, akaingia zizini, akamvisha ng'ombe kamba yeye mwenyewe, maana huwezi kumwacha mzee ahangaike. Ndama akafuata nyuma analia. Akawasindikiza hadi ng'ambo ya korongo, akarudi, akachukua koleo akaanza kuzoa mbolea iliyobaki, hadi zizi likawa safi kama limefagiliwa. Nilimwambia, "Onesphory, tukana basi hata kidogo, nikusikie." Akasema, "Nimtukane nani? Mzee amefanya sawa." Nikatukana mimi, kwa niaba ya wote wawili, na nikipata nafasi natukana hadi leo.

Tangu hapo maziwa ya watoto tunanunua. Asubuhi Natalia anavuka korongo na kidumu, maana yule binti wa Mzee Herman amerudi kukaa kwa baba yake na maziwa yanazidi. Anamwamkia mzee, anapimiwa, analipa. Ni ya ng'ombe yule yule.